Gemu Nililomjaribia Masunga

Zuhura na Hamisi,

Siku mliyonifanyia ile chai ya kuniaga mliniomba niwaandikie habari za kazi, ili duka lisije likasahau lilikotoka, kama alivyosema Hamisi huku akimalizia sambusa yangu. Nimekaa nayo kwa muda. Habari za vyeo sina, maana duka letu halijawahi kuwa na cheo zaidi ya fundi na asiye fundi. Nitaandika ya kaunta tu. Mengine mnayajua, mengine mlidhani mnayajua.

Niliingia kwa marehemu fundi Hilali, hapo hapo Mtendeni, nikiwa nimetoka shule na shati la kuazima. Nilitegemea siku ya kwanza nitapewa bisibisi. Nikapewa kitambaa cha kufutia vumbi na kuonyeshwa ubao. Ubao wenyewe hamkuukuta, uliliwa na mchwa. Ulikuwa kipande cha mninga chenye kishikio cha balbu, soketi, na nyaya mbili za kupima betri. Fundi Hilali aliniambia kwamba katika duka lake kitu hakitoki kaunta mpaka kimewaka mbele ya anayekinunua. Iwe balbu, iwe tochi, iwe redio ya kaseti yenye spika mbili.

Nikamwuliza kwa nini tusivijaribu vyote asubuhi, tukaviweka tayari, tukapunguza usumbufu. Aliniangalia kana kwamba nimemwuliza kwa nini tusile futari saa sita mchana.

"Ukijaribu peke yako umejijaribia wewe," alisema. "Mteja kaona nini?"

Basi tukawa tunajaribu. Mji huu wa Tabora umepokea mizigo tangu enzi za misafara, na nadhani hata wale walioleta vitambaa na shanga walifunguliwa robota zao mbele ya watu kwanza. Kaseti tuliipiga mwanzo, katikati na mwisho, mpaka majirani wakazijua nyimbo zote nusunusu. Pasi tuliipasha moto na kumwambia mama aliyekuja kununua aitemee mate. Balbu isipowaka ilitupwa pale pale, mteja akiona, na fundi Hilali alikuwa na namna ya kuitupa kwa dharau kidogo, kana kwamba imemtukana. Watu walikuja kutoka Nzega na Igunga wakiacha maduka mengine njiani kwa sababu hiyo moja tu.

Kitu kingine alichonifundisha nilikipata kwa machungu. Padri mmoja wa Kipalapala alileta amplifaya ya kanisani iliyokuwa inanguruma. Nilikuwa nimeanza kujiona fundi. Mbele ya waseminari aliokuja nao nikamweleza kwa maneno marefu kwamba kuna kifaa ndani kimekufa, na kwamba umeme wa huko kwao ni mchafu. Alipoondoka nikaifungua, nikakuta mjusi amekaukia humo. Nikamtoa mjusi, amplifaya ikanyamaza. Nilidhani fundi Hilali atacheka. Aliniambia nipande baiskeli niende Kipalapala nikamwambie padri habari za mjusi, na nihakikishe wale waseminari wapo. Nikamwambia padri atakuja kuichukua keshokutwa, nitamwambia hapo hapo dukani.

"Ulisema mbele yao," alinijibu, "utarudisha mbele yao."

Nilikwenda. Padri alicheka mpaka akafuta miwani. Waseminari wakawa wananiita Mjusi kila wakipita dukani, na nadhani baadhi yao sasa ni maaskofu. Jina lilikufa baada ya muda, somo nikaliweka. Au ndivyo nilivyojidanganya.

Fundi Hilali alipofariki, watoto wake hawakutaka kazi ya vumbi, nikaliendeleza duka. Redio zikaondoka, deki zikaja, zikaondoka. Ndipo zikaja mashine za gemu. Mwanzoni nilizionea aibu kidogo, mtu mzima mwenye kofia ya kiua akishika pedi mbele ya watu. Lakini kujaribu ni kujaribu, na mimi siuzi kitu nisichokiwasha. Nikajifunza kucheza mpira wa kwenye kioo vibaya kiasi cha kumfurahisha kila mteja.

Enzi za sidii zilikuwa za raha, na vijana wa leo wana haki ya kununa wakisikia habari zake. Unafungua kasha, sidii hiyo hapo inang'aa, unaitia, inacheza, unairudisha, mtu anaondoka nayo. Akiichoka anakuja kubadilishana na mwenzake. Hamisi alikuwa mteja kabla hajawa mfanyakazi, na kuna gemu moja la magari ambalo naamini lilizunguka nusu ya Tabora likarudi kwake limechubuka kama goti la mtoto. Likacheza.

Halafu mambo yakaanza kugeuka. Kwanza yakaja makasha yenye sidii ambayo ukiitia inakuambia usubiri, ipakue sehemu iliyobaki. Bando la mtu linaisha, gemu halijafika hata nusu. Kisha zikaja nyongeza. Mtu kanunua gemu, kalipeleka nyumbani, anakuta timu hii inauzwa peke yake, uwanja ule peke yake, mpiganaji aliyechorwa juu ya kasha naye ana bei yake. Bwana mmoja wa halmashauri kule Isikizya alikuja akaniwekea kasha kaunta taratibu, hakupandisha hata sauti.

"Mzee Saidi," alisema, "nimenunua nyumba. Nafika na godoro langu, naambiwa chumba cha kulala hakimo kwenye bei."

Gemu sikulitengeneza mimi, lakini aliyempa mkononi ni mimi, na macho yake yalinitazama mimi. Aibu ya namna hiyo nilikuwa siijui. Balbu mbovu naweza kuitupa mbele yako. Hii sikujua nitupe nini.

Mwisho kabisa yakaja makasha ambayo hayana sidii. Ninyi mliyapokea kutoka Dar siku ile, mkayatikisa, mkacheka. Ndani kuna karatasi yenye namba na herufi, basi. Hamisi aliniambia zile ni kodi, na mimi nikisikia kodi nawaza watu wa mapato, kwa hiyo niliziita namba tu. Kasha la gemu la mpira la mwaka ule lilikuwa moja katika mzigo mzima.

Ndilo alilolitaka Masunga.

Masunga mlimwona. Kijana mrefu, mpole, anatoka kijiji cha ndani huko Igunga, ana banda lake la gemu linalotumia sola. Alikuwa mteja wangu tangu enzi za sidii. Alinieleza kila kitu akiwa amesimama wima kama anayetoa ushahidi. Kiwanja cha banda alipewa na baba mkwe wake, mzee Nkwabi, mfugaji mwenye sauti pale kijijini. Mzee alimpa kwa shingo upande, kwa sababu hakuelewa kazi gani hiyo ya kukaa na kutazama watu wakicheza. Shemeji zake walitaka kiwanja hicho hicho waweke mashine ya kusaga. Sasa Masunga alikuwa amemwahidi mzee kwamba siku ya sikukuu litaletwa gemu jipya, wajukuu na kijiji kizima watakusanyika, na mzee ataona kwa macho yake kwamba banda ni kazi.

"Lakini mzee, liwe kamili," aliniambia. "Kule kwetu mtandao ni wa kupandia kichuguu."

"Ni kamili," nilisema. "Nitakujaribia."

Nikafungua kasha. Nikatoa karatasi. Nikaingiza zile namba kwenye mashine ya duka, mwenyewe, kwa kidole kimoja, Masunga akinisomea herufi. Lilishuka polepole kwa mtandao wetu. Masunga akaenda kula, akarudi, mimi nikaswali, nikarudi. Likafunguka. Tukacheza mechi moja akanifunga mabao mengi, watu waliokuwepo wakashangilia. Kisha nikaikunja karatasi vizuri, nikairudisha ndani ya kasha, nikamkabidhi kwa mikono miwili. Nilimwelekeza aingize namba akiwa Igunga mjini kwenye mtandao, likishashuka aende nalo kijijini.

Zuhura, hapo wewe unacheka, au unaziba uso. Lakini siku ile hata wewe ulikuwa nyuma unahesabu chaja, na mimi nilikuwa nimefanya kile nilichokifanya maisha yangu yote.

Baada ya sikukuu Masunga alirudi. Alinisalimia shikamoo, nikaitika marahaba, akanionyesha picha kwenye simu. Mashine yake ilikuwa imeandika kwa Kiingereza kwamba namba zile zimeshatumika.

"Umempa nani?" nilimwuliza.

"Sijampa mtu, mzee."

"Namba hazijitumii. Nilikujaribia mbele yako, ukaona linacheza. Si uliona?"

"Niliona."

"Basi umempa mtu pale Igunga, kakuwahi. Au umempa rafiki yako mkagawana, sasa mnataka jingine la bure."

Duka lilikuwa na watu. Nilisema kwa sauti, na nilisema zaidi ya hapo. Nilisema nimewachoka watu wa kuja kutoka porini na ujanja wa porini. Mnakumbuka, kwa sababu Hamisi alijifanya anatafuta kitu chini ya meza. Masunga hakubishana. Alieleza tu, taratibu, kwamba Igunga mjini hakukuta umeme, akaziingiza namba kijijini kwa mtandao wa simu; watu walikusanyika, mzee Nkwabi akaja na wageni wake, na kioo kikaonyesha maandishi yale. Mzee akasema mbele ya wote kwamba mkwe wake ni mwongo, na kwamba kiwanja atampa mwanawe. Kisha Masunga akaniambia asante, akatoka. Asante ile ilinikera. Nilidhani ni kiburi.

Alipokwisha kutoka ndipo Zuhura ukanisogelea.

"Mzee, samahani," ulisema. "Zile namba si kama vocha?"

"Vocha kivipi?"

"Mteja akinunua vocha, ukaikwangua, ukaiingiza kwenye simu yako ili umwonyeshe kuwa ni nzima. Salio linaingia kwa nani?"

Ulisema kwa upole sana, na nilitamani ungenitukana. Miaka yote ya kuuza vocha pale pembeni ya kaunta hatujawahi kumjaribia mtu hata moja. Mwendawazimu gani anajaribu vocha? Gemu la Masunga lilikuwa ndani ya mashine yetu, kwa jina la duka letu, na nililitia humo mwenyewe huku yeye akinisomea herufi. Alichokwenda nacho Igunga ni karatasi iliyokwanguliwa. Nilitoka mbio barabarani kumfuata. Alikuwa ameshapanda gari.

Kasha jingine halikuwepo, na wenye mzigo wa Dar waliponijibu walijibu kwa kucheka. Ukaniambia gemu halihamishiki, linakaa pale pale lilipofungwa. Basi nikasema kama gemu haliwezi kutoka ndani ya mashine, mashine itakwenda na gemu lake. Nikaichomoa pale ukutani ilipokaa, mama watoto akaifunga kwa kanga mbili, nikapanda basi. Njia nzima nilikuwa natunga sentensi moja ya kumwambia mzee Nkwabi mbele ya watu. Nilijua kabisa nani alinifundisha kwamba ni lazima iwe mbele ya watu.

Mliponiuliza niliporudi niliwaambia mambo yalikwenda vizuri. Sasa nawaambia yalivyokwenda.

Nilimkuta Masunga nyuma ya banda akifuta paneli. Nikamwambia yote: karatasi, vocha, na yale maneno ya porini. Nilimwomba radhi, sikutafuna maneno. Akasema, "Basi mzee, yamekwisha." Nikamwambia kwangu hayajakwisha, nitamwambia baba mkwe wake mwenyewe, mbele ya watu. Akasema, "Ukipenda, mzee," akatuma mtoto akamwite.

Tukaunganisha mashine. Watu walijaa haraka, maana banda ni la bati na kila mlio unasikika. Mzee Nkwabi akaja na fimbo yake, akanisalimia "mwangaluka," nikamjibu vilevile kwa lafudhi yangu ya mjini, wakacheka. Akawekewa kiti mbele. Gemu likafunguka bila mtandao. Kelele zilizopigwa mle ndani sijazisikia hata uwanjani. Wajukuu wakashika pedi, mzee akainama mbele, na nilimwona Masunga akisimama kama mtu aliyetua gunia.

Nikainuka niseme. Nikafikiri, ngoja mechi iishe. Mechi ikaisha. Mjukuu mmoja wa kike akabonyeza kurasa nyingine kutafuta timu, na kioo kikajaa kufuli. Timu kubwa zote, zile wanazozijua kwa majina mpaka wachunga ng'ombe, kila moja na kufuli lake dogo la manjano. Siku ya kujaribu mimi nilicheza na timu mbili za mwanzo tu. Ukurasa ule sikuufungua.

"Babu," yule binti alisema, "hizi zimefungwa."

Mzee Nkwabi akageuza shingo, akanitazama. "Mgeni, wewe ndiye fundi. Nani kazifunga?"

Jibu nilikuwa nalo. Zinauzwa pembeni, mzee, na mimi nilimwambia mkweo ni kamili, na la kwanza nalo nilikosea mimi. Maneno machache sana. Lakini nilikuwa nimekuja na kosa moja mkononi, tena nimelipanga vizuri, na hapo kioo kilikuwa kimeleta la pili mbele ya wale wote. Nilijiona nilivyo: mzee wa mjini, mwenye kofia, aliyesafiri na kanga mbili kuja kujionyesha muungwana, na hata anachokileta hakijui. Nikatazama nyaya kana kwamba jibu limo humo.

"Nimezifunga mimi, baba," Masunga alisema.

Alisema bila kunitazama. "Vijana wangezimaliza zote kwa siku moja, kesho wasingekuja. Nitazifungua moja moja."

Mzee akacheka mpaka akapiga fimbo chini. "Mchoyo huyu! Kumbe anajua biashara." Watu wakacheka naye. Akamwambia asichelewe sana kuzifungua, wajukuu hawana subira. Masunga akainamisha kichwa, akasema, "Nitafungua, baba." Habari ya kiwanja ikaishia hapo, kila mtu aliona.

Mtu aliyeitwa mwongo kwa sababu yangu alisema uongo wake wa kwanza mbele ya mkwe wake ili kunisitiri mimi. Nami nilikuwa bado nimesimama, nafasi bado ninayo, watu wote wananitazama kwa wema. Wakaniletea maziwa mgando kwenye kibuyu. Nikasema maziwa ni mazuri. Hilo ndilo neno pekee nililolisema mbele ya watu siku ile. Masunga alinisindikiza mpaka barabarani akiwa amenibebea mashine yake ya zamani tuliyobadilishana na ile ya duka, tukazungumza habari za mvua.

Baada ya hapo nilikaa kaunta kama kawaida, nikawa najiambia kwamba mtu ana gemu, kiwanja anacho, imekwisha. Mpaka ile Ijumaa. Nilirudi msikitini nikakukuta Zuhura unakunja nyaya.

"Mzee, yule Masunga wako alikuja," uliniambia. "Kaja na ile mashine kaifunga kwenye blanketi, tangu Igunga. Kataka nyongeza, zile timu zote zenye kufuli."

"Zote?"

"Zote. Nikamwambia subiri mzee yuko msikitini, atakupunguzia. Akasema usisumbuliwe, ana haraka. Halafu kakaa hapo mpaka zikashuka zote, kaniuliza mara mbili swala inakwisha lini, kaondoka."

Ulinieleza kama habari njema, mteja amekuja, amenunua, ameondoka ameridhika. Nikakuambia vizuri. Nikaingia stoo nikafunga mlango, nikakaa juu ya katoni za feni.

Alikuwa amebeba mashine ile njia nzima ili neno alilomwambia mkwe wake liwe kweli. Na alichagua saa ambayo sitakuwepo, kusudi asinione nikiona aibu.

Wiki ile ile ndipo nilipowaambia kwamba macho yamechoka, hayaoni tena nyaya nyembamba, na kwamba wakati wa kupumzika umefika. Mkanisikitikia, mkaninunulia miwani. Macho yangu ni mazima. Niliondoka kwa sababu najua Masunga atakuja tena, na sikutaka kuwa nyuma ya kaunta ile akiingia na kuniamkia shikamoo.